NJIA YA KUENDA KALEMIE: TUICHAGUE NAMNA GANI?



Vakansi iko karibu, na kila mangaribi mu dortwari tunasikia mabishano ya namna moja: nani atapita wapi kwa kurudi kwao. Wale wa Likasi na Kolwezi hawana shida, wanapanda basi na mangaribi wako nyumbani wanakula bukari. Lakini wale wa Kalemie, Moba na Pweto wanabishana mpaka taa inazimwa, na kazi ya kuwanyamazisha ni yetu. Tumechoka kunyamazisha. Afazali tuandike tunayojua, maana hii njia jamaa yetu imeipita mara mbili na motokari, watu wanane ndani, na mara ya kwanza tuliichagua vibaya.

Tuanzie ku karti, ile inatundikwa mu darasa la jiografia. Ukiweka rula toka Lubumbashi mpaka Kalemie, unapata karibu kilometa 660. Watu wengi wanaishia pale, wanasema: «Ni siku mbili.» Lakini motokari haipiti juu ya rula. Twaa uzi, ufuatishe barabara yenyewe: Lubumbashi, Kasomeno, Kilwa, Pweto, Pepa, Moba, Kalemie. Kisha unyooshe ule uzi na kuupima. Wetu ulitoa karibu kilometa 900. Na bado uzi hauonyeshi milima, wala matope, wala mito.

Ile njia ndiyo ya kwanza, wengi wanaiita njia ya Pweto. Uzuri wake: hautoki mu inchi, hauombwi pasiporti, na motokari yako inafika na wewe mpaka ku nyumba ya wazee. Pa Kasomeno njia inagawanyika, ya kuume inashuka Kasenga ku mto Luapula, ya kushoto inaenda Kilwa, kando ya ziwa Mwero. Pa Pweto mto Luvua unatoka mu ziwa, na ni lazima kuuvuka. Kisha munapanda milima ya Marungu, kule Pepa, mahali ambapo inchi inapita metri 2,000. Baridi ya kule, wale wa Lubumbashi hawaijui hata mu mwezi wa Juni. Sehemu kubwa ya safari ni udongo tu.

Njia ya pili inapita Likasi, kisha inapanda kaskazini kwa Mitwaba na Manono. Ku karti inaonekana nzuri. Lakini inchi ya kati ya Manono, Mitwaba na Pweto ndiyo watu waliita «pembetatu ya kifo», sababu ya vita vya Mai-Mai na vijiji vilivyochomwa. Hatusemi kila siku kuna hatari. Tunasema usiingie kule na watoto kabla ya kuuliza watu waliotoka kule juma lile lile, si mwaka jana.

Ya tatu ni kuzunguka kwa Zambia. Munatoka kwa Kasumbalesa, munapita Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, kisha ile barabara kubwa ya kaskazini mpaka Mpika, Kasama, Mbala, na kushuka Mpulungu ku ziwa Tanganyika. Ni karibu kilometa 1,200, lakini lami. Kuna watu wanaokata mu Mufulira, wanaingia tena Kongo pa Mokambo, wanapita ule ulimi wa inchi yetu kama kilometa 70, wanatoka kwa daraja la Chembe (lilifunguliwa mwaka 2008, zamani ilikuwa ni kivuko tu) na kuelekea Mansa. Kilometa zinapunguka zaidi ya 200. Ila hesabu vizuri: unatoka Kongo, unaingia Zambia, unatoka Zambia, unaingia Kongo, unatoka tena. Kila mupaka ni mistari, ni karatasi, ni saa. Kwa shofere mwenyewe inafaa, kwa motokari ya watoto na mizigo ya mama hatuoni faida.

Tena mu Zambia wanaendesha kwa kushoto. Motokari zetu nyingi usukani uko upande wa kushoto, basi shofere akiwa nyuma ya kamyo haoni mbele kama kuna mwingine anakuja. Mutu mukubwa, asiyelala, lazima akae kuume kwake na kumwambia «pita» ao «ngoja». Musiweke mutoto pale kwa sababu amelia anataka kuona. Na assurance ya kwetu peke yake haitoshi kule. Kuna karatasi ya manjano ya COMESA, muitafute kabla ya kufika ku mupaka.

Na pa Mpulungu lami inaisha mu maji. Mashua za mizigo zinavuka kwenda Moba na Kalemie na simenti na sukari, lakini haziondoki kwa saa ya kengele kama shule yetu. Motokari inabaki Mpulungu kwa mutu wa kuaminika. Kama haumjui mutu pale, hii njia haiko yako.

Treni tunaitaja tu: inapita Kamina na Kabalo, na kipande cha Kabalo mpaka Kalemie kilimalizika tangu mwaka 1915. Mwenye haraka asiipande.

Sasa tuseme yaliyotupata.

Mu Desemba 2023 walituita: nkambo ni mugonjwa sana pa Kalemie, anataka kuona watoto wote. Baba alitandika karti juu ya meza. Zambia aliikataa palepale, sababu pasiporti za watu wanane ni feza nyingi kuliko jeep yenyewe (aliazima jeep kwa rafiki). Akasema njia ya Pweto ni fupi, tena ni kwetu. Mama alisema neno moja tu: «Baba yao, wewe upande ndege peke yako, sisi tutakuja mu Julai.» Baba akajibu nkambo ameita wote, hakuita mumoja. Na sisi wakubwa tulimusaidia baba, maana tulitaka safari.

Tulitoka tarehe 22. Usiku wa kwanza Kasomeno, wa pili Kilwa, wa tatu Pweto. Noeli tuliimba njiani, tukivuka Luvua na kuanza kupanda. Mvua haikuacha. Kesho yake tulikuta kamyo imezama mpaka ku sanduku, na nyuma yake zingine sita. Kuzunguka hakuna, kuume ni mulima, kushoto ni shimo. Tulilala pale usiku mbili mu jeep, yaya mudogo na homa, maji ya kunywa tulikinga ya mvua mu sufuria. Watu wa kijiji walikuja na majembe, tukachimba nao. Rezo hakuna kabisa.

Tarehe 29, pa Moba, telefone ikaanza kulia. Ndipo tukasikia nkambo alikufa siku ya Noeli na walimuzika tarehe 26, wakati sisi tuko mu matope. Tulifika Kalemie tarehe 30. Baba aliingia ku nyumba, akakaa chini, hakusema kitu.

Mu Julai 2024 tulirudi kwa kutoa matanga. Jeep ile ile, njia ile ile ya Pweto. Siku nne! Pahali kamyo ilizama tulishuka kutazama: udongo mugumu kama saruji, watoto wa kijiji wanacheza mupira pale pale. Ni vile tulifahamu kwamba njia haikuwa mbaya, mwezi ndio ulikuwa mubaya. Kwetu mvua inaanza kama Novemba na inaendelea mpaka Machi ao Aprili. Vakansi kubwa inaanguka mu kiangazi, vakansi ya Noeli inaanguka katikati ya mvua. Karti ni moja, lakini barabara ni mbili.

Kwa hiyo hesabu zetu leo hatuzifanyi kwa kilometa, tunazifanya kwa saa. Mu Julai ile njia inakupa kama kilometa 25 kwa saa: 900 kugawanya kwa 25 ni saa 36, na kwa saa tisa kila siku ni siku nne. Mu Desemba sisi tulipata kilometa 100 kwa siku nzima. Zambia, 1,200 kwa mwendo wa 60 ni saa 20, tuseme siku tatu pamoja na mupaka, na ziwa juu yake bila kujua mashua itaondoka lini. Na feza vilevile: andikeni mazuti, chakula, pasiporti, mahali pa kulala, kwa kila mutu. Mukimaliza kuandika, mara nyingine mutaona kwamba bei ya kupeleka wote kwa udongo mu mvua inatosha kwa tiketi ya ndege ya mumoja, ile mama alisema.

Neno la mwisho juu ya kuuliza. Pa Lubumbashi, mu Kenya, mutapata mashofere wa kamyo. Musiulize yule anayepakia, maana anatafuta abiria, kwake njia zote ni nzuri. Muulize yule anayeshusha mizigo, ambaye matope bado iko ku mipira yake. Na musimuulize «njia iko namna gani?» Atajibu «iko muzuri tu.» Mumuulize alitoka Pweto siku gani, alilala wapi na wapi, na kamyo ngapi ziliziba njia.

Wale wa Kalemie na Moba wanaotaka kupima, waje kwetu Juma ya pili, nyuma ya etude. Karti tumeomba kwa mwalimu, uzi uko.

Kapita wa shule, mwaka wa sita