Maumivu Tunayoyasahau Baada ya Marathoni

Mwaka 2012, wakimbiaji 62 waliomaliza marathoni ya Kraków, Poland, waliulizwa maumivu yao yalikuwa ya kiwango gani, jasho likiwa bado linawatiririka. Miezi mitatu au sita baadaye mwanasaikolojia Przemysław Bąbel aliwauliza tena swali lilelile. Kwa wastani, waliyakumbuka maumivu kuwa madogo kuliko walivyokuwa wameyataja wenyewe siku ya mbio.

Hapa Gisenyi, Rwanda, hayo nayaona bila kusafiri. Mtu aliyekimbia Marathoni ya Kimataifa ya Amani kule Kigali, mbio zilizoanza 2005, anakuja kwangu Jumatatu akishuka ngazi kinyumenyume na kuapa kwamba harudii tena. Msimu unaofuata ndiye anayewahamasisha jirani zake wajiandikishe. Na mimi siko nje ya kundi hilo. Fiziotherapia ndiyo kazi yangu, kukimbia ni starehe tu, na nimebaki na daftari nililoandika jioni ya mbio: “Km 33. Mapaja hayanitii. Mlima wote nimetembea. Sitaki kuongea na mtu.” Nikiulizwa leo, ninachosimulia ni shangwe za watu barabarani na yule mama aliyenipa ndizi. Sidanganyi, lakini kwa kupangia mbio nyingine ni daftari tu linalofaa.

Kilomita ya 33 ina hesabu yake. Misuli na ini la mtu aliyekula vizuri hubeba takriban gramu 500 za wanga wa akiba, yaani glaikojeni, ambazo ni kalori zipatazo 2,000. Kukimbia hugharimu karibu kalori moja kwa kila kilo ya mwili, kwa kila kilomita. Mwenye kilo 65 anahitaji zaidi ya kalori 2,700 kumaliza kilomita 42.195. Pengo linazibwa na mafuta ya mwilini, ambayo hata mtu mwembamba anayo tele. Ila mafuta ni kama magogo mabichi: yapo mengi, lakini moto wake ni wa taratibu, na kila kalori yake inadai oksijeni zaidi. Glaikojeni ikikaribia kwisha, kasi itashuka utake usitake. Ubongo nao hutegemea sukari ya damu, basi huanza kununa. Hapo ndipo mtu hataki hata kusalimiwa.

Kinga ni kula kabla hujahisi haja: gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi mbivu ya wastani ina kama 25. Kinga nyingine ni kutoanza kwa kasi, kwa sababu kadiri unavyokaza mwendo ndivyo mwili unavyochoma wanga na kuyaacha mafuta. Ukizifurahia kupita kiasi kilomita kumi za mwanzo, deni lake utalilipa baada ya thelathini.

Hewa nyembamba ya milimani, sisi watu wa Gisenyi tusiisingizie. Mji wetu uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Kigali haijatuzidi sana. Kinachotumaliza ni miteremko. Wengi wetu hufanya mazoezi kwenye barabara tambarare ya ufukweni, chini ya miti, ziwa Kivu likiwa kando, kisha tunakwenda kukimbia kwenye mji wa vilima. Kupanda kunachosha pumzi, lakini kushuka ndiko kunakoumiza misuli. Kwenye mteremko misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki: inakaza huku inavutwa kurefuka, na nyuzi zake hupata michubuko midogomidogo. Ndiyo maana maumivu hayaji palepale. Huanza saa kadhaa baadaye na kufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu.

Ile hadithi ya “asidi iliyoganda miguuni” tuiache. Laktiki inayotokana na mbio huondoka ndani ya saa moja au mbili. Haiwezi kulaumiwa kwa ngazi za Jumatatu.

Habari njema ni kwamba misuli hujifunza haraka. Mazoezi machache ya kushuka, hata mara moja tu wiki kadhaa kabla ya mbio, huipa kinga inayodumu kwa wiki kadhaa. Nasi mteremko tunao: barabara ya Kigali inavyoporomoka kuja ziwani. Tatizo ni kwamba wengi huipanda mbio kwa sifa, halafu wanarudi kwa pikipiki!

Wapo wanaokimbilia maji ya moto ya Nyamyumba, yale yanayobubujika kutoka ardhini kando ya ziwa, wakasingwe na kuloweka miguu. Siwazuii. Joto linalegeza na kuburudisha, nami hupenda kwenda. Ila sijawahi kumwahidi mtu kwamba yanaponya nyuzi zilizochanika. Zinazoponya ni siku, usingizi na chakula chenye protini, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wanaitosheleza kazi hiyo.

Jambo moja naomba lisichukuliwe kwa wepesi: maji. Wengi wamefundishwa wanywe mengi iwezekanavyo. Katika marathoni ya Boston ya 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 wakakuta asilimia 13 wana upungufu wa sodiamu, hali inayoweza kuvimbisha ubongo na kuua. Dalili iliyojitokeza zaidi kwao ni kwamba walimaliza wakiwa wazito kuliko walivyoanza. Walio hatarini zaidi ni sisi wa polepole, tuliomo barabarani kwa zaidi ya saa nne, kila meza ya maji tunasimama. Kunywa ukisikia kiu. Inatosha.

Sasa turudi kwenye kumbukumbu. Mwaka 1996 watafiti Donald Redelmeier na Daniel Kahneman walionyesha, kwa wagonjwa waliopimwa utumbo mpana, kwamba mtu huhukumu maumivu yaliyopita kwa kilele chake na kwa dakika za mwisho. Muda yaliodumu hauhesabiki sana. Marathoni ina mwisho mtamu: utepe, medali, kukumbatiwa. Saa nzima ya mateso inafunikwa na dakika mbili. Hata dunia nzima hukumbuka hivyo. Katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, kwenye mwinuko wa mita 2,240, John Stephen Akhwari wa Tanzania aliumia goti, akaingia uwanjani wa mwisho, wa 57, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Watu wengi wanaujua ule mwisho wa Akhwari. Wangapi wanamtaja Wolde?

Kwa hiyo andika jioni ileile ya mbio, kabla picha hazijaanza kuzunguka WhatsApp. Ulikula nini, kwenye kilomita ya ngapi. Paja lilianza kukaza wapi, ukipanda au ukishuka. Ulikunywa kiasi gani, ulikuwa na kilo ngapi asubuhi na ngapi jioni. Mwisho weka alama ya maumivu, sifuri hadi kumi. Siku ya kulipa ada ya mwaka unaofuata, jikadirie alama hiyo kwa kichwa kwanza, ndipo ufungue daftari. Wengi ninaowapa zoezi hili huona tofauti, hucheka, halafu hulipa.