Farasi Mchanga Katika Safari ya Kundi: Mwendo Uwe wa Mdogo
Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza tulieleza namna ya kumzoesha farasi mchanga hatamu, tandiko na uzito wa mtu akiwa bado ndani ya ua. Leo tunamtoa nje ya lango pamoja na wenzake. Hapa ndipo farasi wengi wazuri huharibiwa kwa asubuhi moja tu, na anayewaharibu kwa kawaida ni mwenye haraka.

Msomaji wa Juba ana haki ya kuuliza: farasi gani? Mtu anaweza kuishi Gudele au Munuki miaka mingi akaona bodaboda na malori ya Nimule, asikutane na farasi hata mara moja. Sababu si kukosa hamu. Mpelelezi Mwingereza Samuel Baker alipofika Gondokoro Aprili 1871, ng'ambo ya mto Nile karibu na mji wetu wa leo, alikuwa na farasi. Hata hivyo mnyama huyo hakuzoea nchi hii, kwa kuwa ana maadui wawili wasioonekana kwa urahisi. Wa kwanza ni usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, anayeeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika. Farasi asiye na kinga akiupata, nafasi yake ya kupona ni ndogo sana. Kule Rasi ya Afrika Kusini, mlipuko wa 1854 na 1855 uliua farasi karibu 70,000. Adui wa pili ni mbung'o, wanaojulikana vizuri na watu wa Yei na Kajo Keji kwa sababu ya malale, na ambao huwapa mifugo ugonjwa wa nagana.

Kwa hiyo farasi wa Sudan Kusini ni mnyama wa kaskazini na wa kiangazi. Wafugaji wa Misseriya na Rizeigat hushuka naye hadi mto Kiir wakifuata majani na maji, mvua zikianza hurudi kwao. Tena kuna jambo lisilopaswa kufichwa. Kwa wazee wengi wa Bahr el Ghazal, kishindo cha kwato ni kumbukumbu ya wanamgambo wa miaka ya 1980 na 1990 waliosindikiza treni ya Wau wakiwa juu ya farasi, wakichoma vijiji na kuteka watoto. Kundi la wapanda farasi linalopita karibu na kijiji huko lipunguze mwendo, lisimame mbali kidogo, na lisalimie kabla ya kusogea. Farasi mchanga naye atanufaika, maana kusimama kwa utulivu ni somo lake la kwanza.

Sasa tuje kwenye kundi lenyewe. Farasi ni mnyama anayewindwa, na usalama wake tangu kuumbwa umekuwa katika wingi. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia. Mwenzake mmoja akishtuka, yeye hasubiri kujua kilichomshtua, hukimbia kwanza. Vivyo hivyo mwenzake akipita bila wasiwasi kando ya pikipiki iliyoanguka au turubai linalopepea, naye hujifunza kwamba kitu hicho hakili mtu. Kundi linaweza kumfundisha utulivu na linaweza kumfundisha hofu. Mwenye farasi ndiye anayechagua, na anachagua kabla ya kutoka nyumbani, pale anapoamua atasafiri na nani.

Ningependa safari ya kwanza iwe na farasi watatu au wanne, basi. Mmoja awe mzee aliyekwisha kuona kila kitu, huyo atangulie. Mchanga amfuate, akiacha nafasi ya urefu wa farasi mmoja mzima, ili asipigwe teke na asizoee kuegemeza pua kwenye mkia wa mwenzake. Nyuma yake awepo mwingine mtulivu. Asiwekwe wa mwisho kabisa, kwa sababu wa mwisho ndiye anayehisi anaachwa, na farasi anayehisi anaachwa hasikii tena mkono wa mpandaji. Baadaye, safari ya tatu au ya nne, abadilishiwe nafasi: atangulie hatua chache, arudi katikati, atoke pembeni peke yake kisha ajiunge tena. Asiyebadilishiwa atakua akiamini kwamba hawezi kuishi bila mkia wa mwenzake mbele yake.

Tazama kundi likivuka khor, yaani kijito cha msimu, yenye maji ya kufika kwenye vifundo. Mzee anaingia na kutoka. Mchanga anafika ukingoni, anasimama, masikio yote mawili mbele, pua imepanuka, anashusha kichwa kunusa maji. Mpandaji asiyejua humpiga mateke ya mbavuni wakati huohuo. Kumbe kichwa kilichoshuka ni dalili nzuri: anauliza. Mwachie hatamu anuse, apige maji kwa kwato akitaka. Atavuka, pengine kwa kuruka, kwa hiyo shika manyoya ya shingo badala ya kumvuta mdomo. Walio ng'ambo wanapaswa kusimama na kumngoja. Nimeona mara nyingi watu wakivuka na kuendelea kwa mwendo wa shoti huku mchanga akibaki nyuma akihangaika, kisha wanashangaa anapomwangusha mtu. Katika kundi lenye farasi mchanga hakuna anayeondoka majini, kisimani wala langoni mpaka wa mwisho awe tayari. Mpandaji akiona mambo yanamshinda, ashuke na kumwongoza kwa miguu. Hakuna aibu yoyote katika kushuka.

Wakati wa kurudi, farasi wote huijua njia ya nyumbani na hatua zao huongezeka zenyewe. Mrudisheni mchanga kwa mwendo wa kawaida, kilomita ya mwisho yote, hata kama wakubwa wamechoka kungoja.

Saa za safari zina mtego wake katika nchi yetu. Usubi huuma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri, na jua la mchana nalo halina huruma. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima kwa sababu ya joto lililotabiriwa kufika nyuzi 45, na Februari 2025 shule zilifungwa tena baada ya wanafunzi kuzimia hapa Juba. Joto linaloangusha mtoto kivulini haliwezi kumwacha salama farasi anayebeba mtu. Kilichobaki ni kipenyo chembamba: jua likiwa limeshachomoza, saa moja hadi saa tatu asubuhi. Usiku mnyama alale ndani, penye wavu au moshi. Wamundari wa Terekeka huwasha samadi kavu kambini jioni ili moshi ufukuze wadudu kwenye ng'ombe wao, na sioni sababu ya mwenye farasi kudharau elimu hiyo.

Umri nao usipuuzwe. Farasi huonekana mkubwa akiwa na miaka mitatu, lakini mifupa ya uti wa mgongo wake haimalizi kukomaa mpaka karibu miaka mitano na nusu. Hata aliyekomaa asibebeshwe zaidi ya moja ya tano ya uzito wake, tandiko likiwemo. Mchanga abebe pungufu ya hapo. Mkifika nyumbani, pimeni mapigo ya moyo kwa vidole chini ya taya. Akiwa amepumzika huwa kati ya 28 na 44 kwa dakika. Katika mashindano ya masafa marefu mapigo 64 ndiyo mpaka unaotumika. Kama baada ya dakika ishirini za kivuli na maji bado yako juu ya hapo, mlikwenda mbali mno.

Mengi ya haya yanamhusu punda pia, na punda ndiye tuliye naye. Tangu vita vya Sudan vianze Aprili 2023, mikokoteni ya punda imebeba wazee, wagonjwa na mizigo ya watu waliovuka mpaka wa Joda kuelekea Renk. Punda asiyefika miaka minne hafai kufungwa kwenye mkokoteni huo. Aanze kwa kutembea bure kando ya punda mzoefu, bila mzigo. Wenye mikokoteni wa Renk, Malakal na Aweil, nawaomba mliache kinda litembee hivyo kwa msimu mmoja.

Sehemu ya tatu itahusu kwato.