Har-Magedoni ni Wapi?

Kila vita vinapotangazwa redioni, akina mama huulizana wakitoka kanisani: Je, hiyo ndiyo Har-Magedoni? Hofu hiyo si jambo la kuchekwa. Mama wa Mbinga akishaamini kwamba dunia inakwisha mwezi ujao, ataona faida gani kupanda mche wa kahawa utakaozaa baada ya miaka mitatu?

Tufungue Biblia. Neno lenyewe limo mara moja tu, Ufunuo 16:16. Ni la Kiebrania, na wengi hulifasiri kuwa Mlima wa Megido. Ajabu ni kwamba Megido si mlima hasa. Ni kilima cha magofu, mji juu ya mji, kando ya bonde la Yezreeli katika Israeli. Njia ya kutoka Misri kwenda Shamu ilipita hapo, ndiyo maana wafalme walipagombania. Hata mwaka 1918 Jenerali Allenby wa Uingereza aliwashinda Waturuki upande huo.

Kwa Mwisraeli jina hilo lilibeba ushindi na msiba pamoja. Karibu na maji ya Megido, Sisera na magari yake 900 ya chuma alishindwa, na aliyemtuma Baraka vitani alikuwa mwanamke, nabii Debora (Waamuzi 4 na 5). Wimbo wake unamtaja hata mama yake Sisera, dirishani, akingoja mwana asiyerudi; ingawa, tukiri, si kwa huruma. Hapo hapo Megido aliuawa Yosia, mfalme mcha Mungu (2 Wafalme 23:29).

Sisi wa Ruvuma tunaelewa jinsi jina la mahali linavyobeba vita. Ukitaja Songea, wazee hukumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa Februari 1906. Na Liuli, bandari tulivu ya Ziwa Nyasa, ilipigwa mizinga Agosti 1914: meli ya Waingereza, Gwendolen, iliikuta meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Vita vya wafalme wa mbali vilifika mlangoni petu.

Kwa hiyo hatuoni kwamba Yohana alikuwa akitupa ramani. Alitumia jina lililojulikana kwa machozi kueleza wafalme wote wakikusanyika kumpinga Mungu. Tena, msomaji, tazama mstari wa 15, ule unaotangulia. Waumini hawaambiwi wakimbie wala washike mikuki. Wanaambiwa wakeshe, na nguo zao wawe nazo.