Ashbourne: Mji mzima ni uwanja wa mpira

SAHAU VAR, sahau hata mistari ya chaki. Huko Derbyshire, Uingereza, kuna mji unaitwa Ashbourne ambako kila mwaka watu hucheza mpira na uwanja ni mji wenyewe: barabara, maegesho ya magari, mashamba, hadi mtoni. Wenye maduka hupigilia mbao madirishani mapema.

Mechi hupigwa siku mbili, Jumanne ya kuamkia Jumatano ya Majivu na Jumatano yenyewe, kuanzia saa 8 mchana na inaweza kwenda hadi saa 4 usiku. Magoli yako Sturston na Clifton, umbali wa maili 3, yaani karibu kilomita 5. Usajili haupo. Ukizaliwa kaskazini ya mto Henmore wewe ni Up'ards, kusini ni Down'ards, basi. Wanaoingia ni mamia kwa mamia.

Sheria ni chache: usiue mtu, usiufiche mpira kwenye begi, usiupakie kwenye gari, na makaburini hakuchezwi.

Sasa mtu wa soka atege sikio hapa. Kila wiki tunalalamika kwamba wachezaji wetu hawasomi mchezo, wanakimbiza mpira tu. Ashbourne ukikimbiza mpira umekwisha, kwa sababu muda mrefu hauonekani. Umefunikwa katikati ya msongamano wa watu wanaosukumana. Dogo anayekua huko hana kocha wala ubao. Anajifunza kwa kutazama watu: rundo linaegemea wapi, nani amechomoka kimya kimya pembeni, kichochoro kipi kinatokea mtoni. Mabaunsa wanabaki kusukuma, wenye mbio wanasubiri nje ya rundo, wengine wameshazama kiunoni kwenye maji ya baridi kinoma. Mpira wenyewe umejazwa gome linalotengenezea vizibo vya chupa, ukitumbukia unaelea.

Kwangu mimi, staa wa mchezo huu si mwenye misuli, ni anayeijua mitaa. Madogo wetu wa chandimu wanaocheza pasi na ukuta wa jirani watanielewa haraka.

Si mchezo wa kihuni tu, maana mwaka 1928 aliyeuanzisha alikuwa Mwana wa Mfalme, baadaye Edward VIII, na mwaka 2003 ikawa zamu ya Charles.

Kufunga nako kuna kazi. Unasimama ndani ya mto, unaugonga mpira mara tatu kwenye jiwe la kinu. Ukifanikiwa, mpira unakwenda nao nyumbani.