Sinia Libaki, Beseni Liondoke

Katika harusi na maulidi za Mabawa, mjini Tanga, watu wanne au watano hulizunguka sinia moja la pilau. Huo si uhaba wa sahani, bali ni udugu: tajiri na maskini hula pamoja, kila mtu mbele yake, kwa mkono wa kulia.

Lakini kipindupindu kilichoenea nchini mwaka 1978, na korona iliyofika mwaka 2020, vimewatia wengi wasiwasi. Vijana huomba sahani zao. Wazee huona wamedharauliwa.

Kosa si la sinia. Kosa ni la beseni moja la maji linalopitishwa kwa wageni, wa mwisho akinawa katika uchafu wa wa kwanza. Zamani wazee wetu walinawishana kwa birika, maji yakimiminwa juu ya mikono na kwenda zake. Ndoo yenye bomba, iliyowekwa milangoni mwaka 2020, ni birika lile lile.

Mwenye kuumwa tumbo au kukohoa na apewe sahani yake bila kuonewa haya. Nanyi ndugu wenye harusi, mnapoagiza mchele, msisahau sabuni.