Kidato cha Nne Bila Kukaa Darasani

Aliyeishia darasa la saba bado ana njia halali ya kupata cheti cha kidato cha nne akisomea nyumbani. Hatua ya kwanza ni Mtihani wa Maarifa, ambao wengi tunauita QT. Huo hupima masomo ya kidato cha kwanza na cha pili. Akiufaulu, anaweza kuomba kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mitihani yote miwili inasimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania.

Kwa ninavyoona, kinachowaangusha wengi ni lugha kuliko ugumu wa masomo. Shule ya msingi ya serikali iliwafundisha sayansi kwa Kiswahili. Sekondari, biolojia na hata historia huulizwa kwa Kiingereza. Darasani mwalimu huchanganya lugha zote mbili mpaka wanafunzi waelewe. Anayejisomea hana msaada huo. Basi miezi ya mwanzo aiwekeze kwenye Kiingereza: achukue kitabu cha jiografia cha kidato cha kwanza, aandike kila istilahi na maana yake kwenye daftari, kisha afunge kitabu na kueleza aya nzima kwa sentensi zake mwenyewe. Kukariri majibu hakumfikishi mbali.

Vitabu vya kiada vipo bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ila ahakikishe ni vya mtaala atakaotahiniwa. Baraza nalo huchapisha uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, likionyesha walipokosea. Uchambuzi huo una thamani kubwa kuliko tuisheni nyingi za kulipia.

Anachokosa zaidi anayejisomea ni mtu wa kumsahihishia. Insha isiyosahihishwa haimfundishi kosa lake, kwa hiyo atafute mwalimu wa kumpelekea kazi kila wiki. Anayetaka kemia au fizikia aulize kwanza kama kituo chake cha mtihani kina maabara. Ratiba nayo ina mtego: mtihani huwa Novemba, lakini usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na wanaochelewa hulipa faini.

Ukiwa na dada wa kazi aliyeishia darasa la saba na anatamani kusoma, mwachie saa mbili kila jioni, na umlipie ada ya mtihani.