Sasa na Zamani: Kumsoma Mbiti Karagita

John Mbiti (1931–2019), katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliyatwaa maneno yetu Sasa na Zamani, akadai kwamba fikra ya Mwafrika haina mustakabali wa mbali. Wanaisimu wanaweza kumpinga, na kwa haki: Kiswahili kina -ta-, kina mtondo na mtondogoo. Lakini kiambishi hakiibomoi hoja yake nzito zaidi, kwamba marehemu hubaki katika Sasa maadamu yu hai aliyemjua na kumkumbuka kwa jina. Huku Karagita, kando ya Ziwa Naivasha, wengi wa wafanyakazi wa mashamba ya maua wamehamia kutoka mbali. Mtoto aliyekua hapa pasi na kumwona babu yake hawezi kuwa shahidi wake. Wazazi wakifariki, babu huyo ataingia Zamani.